Daftari la Ujenzi

Chini kabisa ya sanduku langu la vitabu kuna kaunta buku moja nene, lenye jalada gumu. Ndani yake nilichora kwa rula safu nne: jina, jumuiya, ahadi, kilicholipwa. Nililianza mwaka 1997, nilipochaguliwa kuwa mweka hazina wa Kamati ya Ujenzi ya parokia yetu mjini Musoma, wakati kanisa la zamani lilipokuwa limezidiwa na watu. Kanisa jipya limekwisha simama siku nyingi. Baadhi ya vijana wanaofunga ndoa humo leo walikuwa hawajazaliwa tulipokuwa tukichimba msingi. Mke wangu huniuliza kwa nini naendelea kulitunza daftari ambalo hesabu zake zilifungwa zamani, nami humjibu kuwa ni kumbukumbu. Ukweli ni kwamba nalitunza kwa ajili ya ukurasa mmoja. Nitaueleza ukurasa huo mahali pake. Kwanza ndugu msomaji aniruhusu nianze mbali kidogo, kwa sababu kosa nililolifanya mimi lilikuwa na mababu zake.

Mapadre Weupe walifika Bukumbi, kusini ya Mwanza, mwaka 1883. Kwetu Mara walichelewa. Misheni ya Nyegina, ambayo haiko mbali na mji wa Musoma, ilianza mwaka 1911, siku za utawala wa Wajerumani. Baadaye, katika miaka ya 1930, ikafuata Kowak, ng'ambo ya Mto Mara. Mwaka 1946 Roma ilitenga eneo hili kutoka Mwanza na kulikabidhi kwa wamisionari wa Maryknoll kutoka Marekani, na mapadre wanne wa kwanza wa shirika hilo walipokelewa Nyegina mwaka ule ule. Mwaka 1957 Musoma ikawa jimbo kamili, na Mmaryknoll John Rudin akawa askofu wake wa kwanza, akaliongoza hadi mwaka 1979, alipompisha Anthony Mayala, Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti hicho.

Sisi tuliokua katika miaka ya Askofu Rudin tulikuwa na imani moja ambayo haikuwamo katika katekisimu. Tuliamini kuwa bati hutoka Marekani kama vile mvua inavyotoka mawinguni. Padre alikuwa akiandika barua, na baada ya miezi kadhaa lori lilikuja. Nani alilipia, kwa jasho gani, hatukuuliza. Hata wazazi wetu, walipoona ufa ukutani mwa kanisa, walisema, "Padre atatengeneza." Hawakuwa wavivu. Walilima pamba na mihogo, walivua samaki, walijenga nyumba zao wenyewe. Lakini kanisa lilikuwa nyumba ya padre, nao walikuwa wageni wake waliokaribishwa vizuri.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipojifunza habari za upande wa pili. Shirika la Maryknoll lilianzishwa mwaka 1911, mwaka ule ule wa Nyegina, ingawa wakati huo hakuna aliyejua kwamba njia zao zingekutana. Kabla hata ya shirika lenyewe kuzaliwa, tangu mwaka 1907, kulikuwa na jarida lililoitwa The Field Afar, ambalo mwaka 1939 lilibadilishwa jina likawa Maryknoll. Jarida hilo lilieleza habari za misheni za mbali na kuwaomba wasomaji wake msaada. Wakatoliki wengi wa Marekani wa miaka ile walikuwa wahamiaji au watoto wa wahamiaji, kutoka Ireland, Italia, Poland; watu wa viwandani, wa bandarini, wa kazi za ndani. Walituma kidogo kidogo kwa njia ya posta. Fedha tuliyoiita ya wazungu matajiri ilikuwa, kwa sehemu kubwa, haba na haba ya watu wenye mikono migumu kama yetu. Kama tungejua hilo mapema, nadhani tungeshukuru kwa namna nyingine, na pengine tungeanza kuchanga mapema zaidi.

Jambo la pili nililojifunza linahusu mikono. Misheni za siku zile hazikujengwa kwa barua peke yake. Mawe yalibebwa, udongo ukakanyagwa, maji yakatekwa, na waliobeba, waliokanyaga na kuteka walikuwa wenyeji, wanaume kwa wanawake. Padre aliyesimamia kazi anajulikana kwa jina. Mfadhili wa mbali aliandikiwa barua ya shukrani. Lakini mtafute mwanamke aliyeteka maji ya kuchanganyia udongo, uone kama utampata katika kitabu chochote. Daftari la fedha huandika fedha. Hiyo ndiyo kazi yake, na hapo ndipo hatari yake ilipo.

Katika mkoa wetu upo mfano ambao kila mtu anaujua nusu. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, na alibatizwa Nyegina mwezi Desemba mwaka 1943, akiwa kijana mkubwa aliyekwisha soma Tabora na aliyekuwa akisoma Makerere. Hiyo nusu wengi wanaijua. Nusu ya pili ni kwamba aliporudi kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952, akiwa na shahada ambayo watu wengi wa Tanganyika walikuwa hawajapata hata kuiona, alikwenda kwao Butiama akafyatua matofali na kujenga nyumba kwa mikono yake mwenyewe kabla ya kumwoa mama Maria mwezi Januari mwaka 1953. Alipoacha kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955 kwa sababu ya siasa, alirudi tena huku. Akamfundisha Kizanaki padre mmoja wa Maryknoll, na kusaidia kutafsiri katekisimu na masomo ya Misa. Huo nao ulikuwa mchango katika kulijenga Kanisa la Mara, na hauwezi kuingizwa katika safu ya shilingi.

Mwaka 1970 Mwalimu alialikwa New York kuzungumza na masista wa Maryknoll katika mkutano wao. Aliwaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki kuwaondolea watu unyonge na umaskini wao, na badala yake likaonekana kuwa upande wa hali zinazowakandamiza, litapoteza maana machoni pa watu hao. Mimi hotuba hiyo niliisoma nikiwa mwalimu kijana, nikaipigia mistari kwa kalamu nyekundu. Nilidhani alikuwa akiwasema wakoloni na mabepari. Haikunijia akilini kwamba maneno yale yangeweza kumhusu mweka hazina wa kamati.

Kufikia wakati huo mambo yalikwisha anza kubadilika ndani ya Kanisa lenyewe. Tangu mwaka 1966, katika parokia za Wajaluo kaskazini mwa jimbo letu, kama Nyarombo, Wakristo walianza kukutana katika vikundi vidogo walivyoviita chama, wakisali pamoja na kusaidiana shida zao. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifundisha nchi nzima neno kujitegemea. Kisha maaskofu wa Afrika Mashariki na Kati, katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976, wakaamua kwamba jumuiya ndogondogo ziwe ndiyo njia ya kulijenga Kanisa katika nchi zetu. Jumuiya zilikusudiwa ziwe mahali ambapo nyumba kumi au kumi na tano zinajuana: nani anaumwa, nani amefiwa, nani hana chakula. Hilo likumbukwe, kwa sababu baadaye tuliligeuza.

Na watu waliongezeka. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu wakazi zaidi ya laki tano katika Mkoa wa Mara. Mwaka 2012 tulikuwa 1,743,830, na mwaka 2022 tukafika 2,372,015. Kanisa lililojengwa kwa ajili ya mababu haliwezi kuwatosha wajukuu. Parokia yetu ilikuwa na Misa tatu kila Jumapili, na katika kila Misa walikuwapo waliokaa nje chini ya miembe wakimsikiliza padre kwa kipaza sauti. Mvua ilipokuja walikimbia. Wamisionari walikuwa wamepungua, na barua za kwenda Marekani hazikuwa tena na jibu la lori. Paroko alituambia waziwazi: safari hii tutajenga wenyewe.

Tulianza kwa bahati mbaya. Tulifyatua matofali kwa maelfu mwishoni mwa mwaka 1997, nazo mvua za El Niño zikayakuta mabichi, hayajaingia tanuruni. Asubuhi moja tulikuta safu nzima zimerudi kuwa udongo. Tukaanza upya. Tulikuwa na kila njia ya kupata fedha ambayo msomaji anaijua. Kulikuwa na ahadi za familia. Kulikuwa na sikukuu ya mavuno, na mnada baada ya Misa, ambapo mtu hununua yai moja kwa bei ya trei, kisha hulirudisha linadiwe tena. Kwaya iliuza kanda zake. Akina mama wa WAWATA walipika na kuuza chakula. Tulifanya harambee na mgeni rasmi, na tulisafiri kwa basi hadi Bunda wakati wa msimu wa pamba kuwaona ndugu zetu waliokuwa wameuza. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo niliiandika kwa wino wa kijani kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Lakini saruji haijui methali. Mfuko uliofika Musoma ulikuwa umesafiri kutoka mbali, na bei yake ilikuwa imesafiri nao. Nondo ndivyo, bati ndivyo. Miaka ile kiwanda cha nguo cha MUTEX, kilichokuwa kimewaajiri watu wetu wengi, kilikuwa kimeanguka. Tegemeo lilibaki ziwani, kwenye sangara. Kisha mwaka 1998 Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wabichi kutoka nchi zetu kwa hofu ya kipindupindu, na mwaka 1999 ukawazuia tena samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya habari za uvuvi wa sumu. Wavuvi na wachuuzi walioahidi kwa moyo mweupe wakawa hawana cha kutoa. Msingi ulikuwa umekwisha, kuta zimefika usawa wa madirisha, na fundi alidai mshahara wake.

Hapo ndipo kamati ilipoamua kwamba majina ya wasiomaliza ahadi yasomwe kanisani. Sitaki kujificha nyuma ya neno kamati. Mimi nilikuwa mmoja wa walioinua mkono, na mimi ndiye niliyesoma. Ahadi ni deni, tulisema. Nilisimama baada ya matangazo, nikafungua daftari, nikasoma majina jumuiya kwa jumuiya, pamoja na kiasi kilichobaki. Sauti yangu ni ya mwalimu, inafika hadi mlango wa nyuma. Nilisoma jina la bibi mmoja mjane, jirani wa mama yangu mzazi, aliyeahidi shilingi 10,000 na kulipa 1,500. Alikuwa amekaa benchi la tatu upande wa akina mama. Hakuinua uso.

Jumapili iliyofuata hakuja. Wala hakuja kwenye jumuiya. Mimi sikutambua. Mwenye daftari huona safu, haoni benchi lililo wazi. Aliyeniamsha ni fundi. Siku moja nilipokwenda kumlipa aliniuliza, "Mwalimu, yule bibi wa kokoto mbona simwoni siku hizi?" Nikamwuliza bibi yupi. Akanichukua hadi kwenye stoo ya udongo tuliyokuwa tukiwekea saruji. Ukutani, kwa mkaa, alikuwa amechora vijistari, vitano vitano. Kila kijistari kilikuwa debe moja la kokoto ambalo yule bibi alikuwa ameliponda kwa nyundo nyuma ya nyumba yake na kulileta kichwani. Fundi alikuwa akivihesabu kwa ajili yake mwenyewe, apate kujua kipimo cha zege. Nilihesabu mara mbili. Vilikuwa 63.

Kamati ilikuwa ikinunua kokoto kwa shilingi 200 debe. Ndugu msomaji anaweza kuzidisha mwenyewe. Bibi alikuwa ameleta kokoto za shilingi 12,600, ukiacha zile 1,500 alizozitoa taslimu, na mimi nilikuwa nimemtangaza mdaiwa mbele ya watu mia kadhaa.

Nilikwenda kwake jioni ile ile. Nilimkuta amekaa juu ya kigunia, anaponda mawe, safari hii ya kuuza. Nilimwamkia, akaitika vizuri, akanipa kigoda. Nikamweleza niliyoyaona ukutani na kumwomba radhi. Aliendelea kuponda kwa muda. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi sikujua kama nadaiwa. Nilidhani ninajenga." Hakusema jingine juu ya jambo hilo. Aliniuliza habari za mama, akanipa viazi vya kumpelekea.

Katika kikao kilichofuata nilipendekeza mambo mawili: tusisome tena majina ya wadaiwa, na kila kazi ya mikono ithaminiwe kwa bei ya soko na kuandikwa. Haikupita kirahisi. Mzee mmoja mfanyabiashara, mtu mwema aliyetoa kuliko sisi wote, alisema tukianza kupokea mawe badala ya shilingi kila mtu ataleta mawe, na duka la nondo halipokei mawe. Alikuwa na haki. Hadi leo sina jibu kamili la hoja yake. Tulikubaliana mwishowe, na nikachora safu ya tano: nguvu. Jumapili moja nilisimama mahali pale pale nilipokuwa nimesimama, nikasoma jina la yule bibi na madebe yake 63, nikasema kwamba daftari lilikosea na kwamba mwenye daftari ni mimi.

Ningependa kuandika kwamba baada ya hapo fedha zilimiminika. Hazikumiminika. Mzee yule alikuwa ametabiri sawasawa: mawe, mchanga na maji tulipata kwa wingi, shilingi zikaja kwa kusuasua, na kuezeka kulichelewa miaka miwili zaidi. Bibi alirudi kwenye jumuiya, ingawa kanisani alihama benchi la tatu akawa anakaa nyuma. Alifariki mwaka 2001, kuta zikiwa zimekamilika na bati hazijapatikana. Zipo parokia ambazo mtu akifa huulizwa kwanza kadi ya zaka. Siku ile hakuna aliyeuliza, lakini mimi nilikuwa nimelibeba daftari kwapani, ili kama wangeuliza nijibu. Misa ilisomwa ndani ya kanisa lisilo na paa, jeneza likiwa juu ya zege la sakafu.

Tulipomaliza ujenzi, stoo ya udongo ilibomolewa. Kabla ya kubomolewa nilikwenda na daftari na penseli, nikanakili vile vijistari vyote, vitano vitano, kama alivyovichora fundi. Huo ndio ukurasa ninaoutunza.

Tarehe 27 Novemba 2010, Papa Benedikto wa 16 aliunda Jimbo la Bunda kwa kumega sehemu za Musoma na Mwanza, na Renatus Nkwande akawa askofu wake wa kwanza. Jimbo jipya maana yake ni parokia mpya, na parokia mpya maana yake ni kanisa, nyumba ya padre, ofisi, na kamati. Kuna mahali ambapo msaada wa mbali bado umefanya kazi nzuri. Ukipita barabara ya Musoma kwenda Bunda utakiona Kiabakari kituo cha hija cha Huruma ya Mungu, kilichoanzishwa na padre aliyetoka Krakow, Poland. Lakini sehemu nyingi ni kama ilivyokuwa kwetu: watu wenyewe, kidogo kidogo, huku watoto wanasubiri ada.

Miaka michache iliyopita rafiki yangu mmoja aliniita Bunda nikaishauri kamati ya ujenzi ya kigango chao kinachotaka kuwa parokia. Vijana wale wamenizidi kwa kila kitu. Michango hupokelewa kwa simu, na orodha hutumwa katika kundi la simu la jumuiya, aliyelipa akiwekewa alama ya vema na asiyelipa akiwekewa alama nyekundu. Alama hiyo husomwa na watu wote kabla hata mwenyewe hajaamka. Sikuwakemea. Mimi nilifanya vivyo hivyo bila simu. Nililitoa daftari mkobani nikawafungulia ukurasa wa vijistari, nikawasimulia.

Walikaa kimya, kisha katibu wao, binti wa umri wa wajukuu zangu, akauliza swali la kikatibu: "Babu, sasa debe la kokoto siku hizi tuliweke shilingi ngapi?" Wakaanza kubishana bei palepale, mmoja akitaja ya sokoni, mwingine ya machimboni. Niliwaacha wabishane. Nilipoondoka, binti alikuwa amegeuza karatasi yake upande wa pili na anachora safu upya.